Mtu asiye na kazi akirudi shuleni: je, apewe feza?

Huko Marekani, mtu aliyeondolewa kazini pasipo kosa lake hupewa feza kila juma kwa muda fulani. Katika majimbo mengi (twasema majimbo ya serikali, si ya maaskofu) muda huo haupiti majuma 26. Msaada huo ulitiwa katika sheria ya nchi nzima mwaka 1935. Si sadaka: feza yatoka katika kodi wanayolipa mabwana wa kazi.

Sasa, mtu huyo akiingia shule ya mchana kutwa, aweza kuendelea kupokea? Ndugu zetu wengi wa Kongo wanakaa huko, na jamaa zao huja kumwuliza padri au katekista.

Tutazame kwanza feza hiyo yalipwa kwa sababu gani. Haitolewi kwa ajili ya umaskini tu. Mwenye kuipokea lazima awe na nguvu ya kufanya kazi, awe tayari kuishika mara moja, tena awe anaitafuta. Basi mwanafunzi akiitwa kazini kesho, ataacha darasa? Kama hataacha, hayuko tayari, hata akiwa maskini kweli. Kusoma ni kwema, lakini mfuko huu haukuwekwa kwa ajili ya shule.

Lakini ni nani atakayepima utayari wa mtu? Katika jimbo la Idaho, mwanamke mmoja, muuzaji wa duka, alikosa kazi akaanza somo la saa moja hata saa tatu asubuhi. Maduka hayakufunguliwa mbele ya saa nne. Somo halikumzuia hata kidogo. Walakini sheria ya Idaho iliwanyima feza wenye kusoma mchana, ikawaachia wenye kusoma usiku. Tribinali ya jimbo ilimpa haki mama huyo. Mwaka 1977 Tribinali Kuu ya nchi ikaigeuza hukumu, ikisema ya kwamba kazi za mchana ni nyingi kuliko za usiku, kwa hiyo masomo ya mchana huzuia zaidi. Tena kanuni nyepesi yaokoa biro taabu ya kuchungua kila mtu peke yake. Wenye kusoma teolojia ya maadili watakumbuka epikeia. Hapa haikupata nafasi. Kwetu sisi, mama yule alikuwa tayari kwa kazi kweli, na kanuni iliyofaa kwa wengi ilimwumiza yeye.

Kuna njia nyingine iliyo wazi. Tangu sheria ya mwaka 1970, jimbo haliwezi kumnyima mtu feza kwa sababu tu anafuata mafundisho ya kazi yaliyokubaliwa na biro ya jimbo lenyewe. Wakati huo hadaiwi kutafuta kazi. New York na California wana mipango ya namna hiyo. Lakini neno zito ni «yaliyokubaliwa»: si kila shule, wala si kila diploma.

Anayeficha masomo yake katika karatasi za biro ili alipwe, akigunduliwa, hurudisha feza yote aliyoipokea kwa udanganyifu, pamoja na faini ya 15 kwa 100 au zaidi. Kwa hiyo tukiulizwa, tumwambie ndugu aende biro mbele ya kujiandikisha shuleni, akiwa na karatasi yenye saa za masomo, akaombe ruhusa kwa maandishi.