Treni ya Umeme Morogoro: Hesabu Ianzie Kihonda

Mfanyabiashara wa Morogoro anayefuata bidhaa Kariakoo sasa ana njia mbili za kuchagua, na tofauti baina yake si nauli peke yake. Tangu Juni 14, 2024, Shirika la Reli Tanzania (TRC) lilipoanza kubeba abiria kwa treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Morogoro, safari hiyo huchukua chini ya saa mbili. Kwa basi ni saa nne, na zaidi pale foleni inapokaza.

Nauli ya treni ya kawaida iliyotangazwa mwaka 2024 ni Sh. 13,000. Basi la daraja la kawaida, kwa nauli elekezi za Desemba 2023 za Sh. 48.47 kwa kilomita, ni kama Sh. 9,300. Kwenda na kurudi, treni inazidi kwa takriban Sh. 7,400. Lakini basi humshusha abiria Mbezi Luis, ambako kituo kikuu kilihamia mwaka 2021, na kutoka hapo bado ana daladala na foleni hadi Kariakoo. Treni humshusha katikati ya jiji. Mwenye duka ambaye saa nne za kuwa dukani humpa faida inayozidi tofauti hiyo, treni kwake ni rahisi. Ambaye hazimpi, abaki na basi.

Upande wa Morogoro mambo ni kinyume. Stesheni ya zamani, ya reli ya Wajerumani iliyofika hapo mwaka 1907, iko jirani na mji, na mji ulikua ukiizunguka. Stesheni mpya iko Kihonda, nje ya katikati ya mji, wakati mabasi yanaendelea na Msamvu. Kila treni ikiingia, mamia ya watu wanahitaji bajaji, bodaboda, chakula na mahali pa kulala. Fedha iliyokuwa ikimwagika Msamvu sasa inagawanyika.

Mteja mkubwa wa kuangaliwa ni mwanachuo. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984, kina kampasi kuu chini ya milima ya Uluguru na nyingine Mazimbu. Chuo Kikuu cha Mzumbe kiko nje ya mji, barabara ya Iringa. Wote hawa wakishuka Kihonda lazima wasafiri tena, na hapo ndipo penye biashara. Hata hivyo, mwanachuo ni mteja wa msimu: chuo kikifungwa, meza hukauka. Anayejenga vyumba vya kupangisha apige hesabu ya miezi ya masomo, asipige ya miezi 12.

Wauza nyanya, ndizi na mbogamboga za Uluguru wasikimbilie kushangilia. Treni ya abiria inabeba mtu na begi lake, haibebi matenga. Usafirishaji wa mizigo kwa reli mpya ulizinduliwa Julai 31, 2025, pamoja na bandari kavu ya Kwala mkoani Pwani, lakini huduma ya mabehewa na makontena inamfaa zaidi mwenye shehena kubwa. Mwenye matenga 10 ataendelea na Fuso, isipokuwa wenzake wakiungana naye wakakodi kwa pamoja.

Hatari nayo ipo. Treni ya umeme inategemea umeme. Mwishoni mwa Julai 2024, siku chache baada ya safari kufika Dodoma, treni zilichelewa na TRC ikaeleza kuwa hitilafu ilisababishwa na ngedere na bundi. Reli ya zamani nayo ilikuwa na adui wake: mafuriko ya Kilosa yaliyosimamisha treni za abiria mapema mwaka 2010. Wenye ahadi ya kufungua duka saa mbili asubuhi wasisafiri kwa treni ya mwisho.

Kwa mwekezaji mdogo, ushauri ni huu: usinunue kiwanja Kihonda kwa sababu ya maneno ya dalali. Kaa hapo wiki moja, hesabu abiria wanaoshuka, uone wanapanda nini na wananunua nini. Hakiki hati ya kiwanja kabla ya kutoa hata senti. Na mwenye kibanda Msamvu asikiuze bado, kwani mabasi ya Iringa na Mbeya hayana reli ya umeme ya kushindana nayo.