Dengi: Hatari Homa Inaposhuka
Homa ya dengi, au kidingapopo, huanza ghafla kwa maumivu ya kichwa, viungo na nyuma ya macho; ndiyo maana hudhaniwa malaria. Katika siku 5 za mwanzo hupimwa antijeni ya NS1, baadaye kingamwili za IgM.

Virusi vyake ni vya aina 4. Aliyeugua aina moja hupata kinga ya kudumu dhidi ya hiyo tu. Aina nyingine ikimpata baadaye, kingamwili za awali zaweza kuvisaidia virusi kuingia katika seli, na ugonjwa ukazidi.

Homa ikishuka, kwa kawaida siku ya 3 hadi ya 7, wengi hujiona wamepona. Maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo au fizi kutoka damu wakati huo ni sababu ya kurudi hospitalini mara moja. Aspirini na ibuprofeni zisitumike.