Viatu vya maji: namba kubwa ndizo zinazotoka

Msimu wa wageni wa pwani una vilele viwili, Juni hadi Oktoba na Desemba hadi Februari. Katika miezi hiyo bidhaa moja ndogo huulizwa katika maduka mengi ya vijiji vya mashariki mwa Unguja na isipatikane, au ipatikane katika namba isiyomfaa muulizaji. Bidhaa hiyo ni viatu vya maji: vile vyepesi vya kitambaa kinachovutika, vyenye soli ya mpira, vinavyovaliwa bila soksi na kuingia navyo baharini.

Mfanyabiashara anayetaka kuingia katika soko hili aanze kwa kujua kwa nini mteja anavihitaji. Paje, Jambiani na Bwejuu si fukwe za kushuka moja kwa moja kwenye kina. Maji yakipwa huacha uwanja mpana wa mchanga, majani ya bahari na mawe hadi karibu na mwamba ulio nje. Wakati wa bamvua tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika mwambao huu hufikia karibu mita 4, na kupwa huko huangukia kwenye saa 4 asubuhi, saa ileile mgeni aliyekwisha kunywa chai anataka kutembea. Huko njiani wamo wale viumbe weusi wa duara wenye miiba mirefu. Mwiba huingia nyayoni, hukatika, na safari ya mtu ya siku saba hugeuka kuwa ya kukaa kitini.

Kwa hiyo muuza viatu hivi atazame mwezi. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na siku mbili tatu zinazofuata, ndizo za kuweka bidhaa mbele ya duka mapema asubuhi. Siku za maji mafu, bahari haitoki mbali na wanaotembea mwambani ni wachache.

Sasa tuje kwenye fedha. Mwandishi wa safu hii aliwahi kuweka mtaji mdogo katika bidhaa hii, na hasara aliyoipata haikutokana na bei. Katoni ilikuja na namba zilizochanganywa na muuzaji wa jumla, nyingi zikiwa 36 na 37. Watalii wanaume wa Ulaya walioulizia walitaka 43, 44 na 45, na jozi hizo zilikwisha siku chache tu. Zilizobaki zilikaa rafuni hadi masika.

Tuchukue mfano wa hesabu. Katoni ya jozi 48, kila jozi ikiwa imefika dukani kwa shilingi 12,000 pamoja na usafiri na ushuru, ni shilingi 576,000. Ukiuza jozi 30 kwa shilingi 20,000 kila moja umepata shilingi 600,000. Mtaji umerudi, na faida taslimu ni shilingi 24,000 tu, ambayo kodi ya pango huila mara moja. Faida yenyewe imo katika zile jozi 18 za namba ndogo ambazo hakuna anayezitaka. Ndiyo maana anayeagiza aandike namba anazotaka kabla ya kutoa fedha, na akatae kabisa katoni ya mchanganyiko.

Wanaoagiza China wakumbuke kwamba kiatu cha huko mara nyingi huandikwa urefu wa mguu kwa milimita. Njia ya kubadili ni rahisi: chukua sentimita, zidisha kwa 2, toa 10. Mguu wa milimita 255, yaani sentimita 25.5, ni namba 41. Hata hivyo pima mwenyewe kwa rula sampuli moja kabla ya kukubali mzigo, kwa kuwa viwanda havilingani.

Ubora hupimwa kwa mkono. Kunja soli, ikikunjika mara mbili kama chapati, hiyo ni ya bwawa la kuogelea, si ya mwamba. Kwa mwambao wetu inatakiwa soli nene kiasi, yenye mistari ya kushika jiwe lenye utelezi, na inayopanda kidogo mbele kukinga vidole. Tazama kama kuna matundu ya kutolea maji. Kisha loweka jozi moja katika ndoo ya maji ya chumvi usiku kucha, uianike, urudie mara tatu. Gundi mbaya itajionyesha kwako kabla haijajionyesha kwa mteja.

Mteja naye asaidiwe kuchagua. Kiatu kijaribiwe jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo kwa kutembea. Kibane kisigino bila kuumiza, na vidole viguse mbele kwa wepesi. Kitambaa kikilowa hulegea, na kiatu kilichokuwa na nafasi dukani hujaa mchanga baharini na kusugua ngozi hadi ichubuke. Wengi hununua namba kubwa kwa mazoea ya raba, na muuzaji mwaminifu atawaambia.

Aseme pia yale ambayo kiatu hakifanyi. Soli nyembamba haizuii mwiba mrefu ukiukanyaga kwa uzito wote wa mwili, na haimzuii taa wala yule samaki mwenye sumu anayejilaza akafanana na jiwe. Aliyechomwa na samaki wa namna hiyo hutumbukizwa mguu katika maji ya moto anayoweza kuyavumilia, yasiyozidi nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90, huku akitafutiwa usafiri wa hospitali. Wala kiatu si ruhusa ya kukanyaga matumbawe, ambayo huvunjika chini ya soli kama yanavyovunjika chini ya mguu mtupu.

Kwa wauzaji wa bara lipo jambo jingine. Bidhaa hii inafaa kwenye maporomoko ya Materuni na chemchemi ya Kikuletwa huko Kilimanjaro, penye mawe na mizizi. Lakini kando ya Ziwa Victoria mtu asiuziwe kwa kuambiwa kwamba vitamkinga na kichocho. Vijidudu vya ugonjwa huo hupenya ngozi yoyote iliyo ndani ya maji, na maji huingia ndani ya kiatu.

Mwenye mtaji mdogo sana afikirie kukodisha badala ya kuuza. Kwa mfano wetu, jozi ya shilingi 12,000 ikikodishwa kwa shilingi 3,000 kwa siku imerudisha gharama katika siku 4. Hapa namba 36 nazo hupata kazi, maana mgeni asiyenunua kwa ajili ya asubuhi moja hukodi bila kusita, na watoto wakubwa wamo. Kazi iko kwenye usafi: kila jozi ioshwe kwa maji baridi na sabuni, itolewe mchanga, ikauke kabisa kivulini. Jua kali huua gundi, na unyevu huleta fangasi na harufu inayofukuza mteja wa pili. Ili jozi zipokezane kukauka, mwenye wateja kumi kwa siku awe na jozi ishirini na zaidi.

Soko moja bado halijaguswa ipasavyo. Kilimo cha mwani kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na wengi wa wanaokifanya ni wanawake wanaokaa majini saa kadhaa kila maji yakipwa, mara nyingi wakiwa na yeboyebo zinazochomoka matopeni au miguu mitupu. Bei ya kitalii hawaiwezi, na hawana sababu ya kuilipa. Anayeweza kuleta kiatu cha rangi moja, soli nene, kisicho na mapambo, kwa bei inayokaribia ya yeboyebo, na kukiuza kwa vikundi kwa malipo ya awamu, atakuwa na wateja hata katika miezi ya mvua, wageni wakiwa wameondoka.