Uliza Wazazi Kabla ya Kununua Kuku

Mnadani Singida, fedha ileile inaweza kukupatia tembe kadhaa wa kienyeji, boksi la vifaranga chotara, au jogoo mmoja wa kuchi. Wengi hulinganisha bei ya kichwa kimoja na kuishia hapo. Mimi naanza na wazazi, maana gharama kubwa ya kuku huja baada ya kumnunua.

Chotara wanaotangazwa zaidi ni Kuroiler, wenye asili ya India, na Sasso wa Ufaransa ambao vifaranga wao huzalishwa hata Iringa. Mtetea wao akilishwa vizuri hutaga mayai 150 hadi 200 kwa mwaka. Wa kienyeji hutaga 40 hadi 60. Kwa mayai tu, chotara ameshinda. Sasa pima chakula. Chotara anayetaga hula karibu gramu 120 kwa siku, yaani kilo 36 kwa mwezi kwa kuku 10. Kienyeji anayejitafutia hutosheka na nyongeza ya gramu 40 hivi, kilo 12 tu kwa hao 10. Singida tuna nafuu ya mashudu ya alizeti, mtama na uwele, lakini dagaa na madini bado utanunua.

Tena kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Ukipandisha chotara kwa chotara wa boksi lilelile, watoto hawafanani na wazazi: mmoja mzito, mwingine kibete, na utagaji hushuka. Mara nyingi matetea hao hawaatamii mayai. Kwa hiyo kila kundi jipya linakurudisha kwa muuzaji.

Kuchi ni wa kwetu, Singida, Shinyanga na Mwanza: miguu mirefu, shingo ndefu, jogoo wa kilo 2.5 na zaidi. Mtetea wake hutaga kidogo, kwa hiyo sishauri ujaze banda kwa kuchi watupu.

Chaguo langu ni kuweka fedha kwenye jogoo wa kuchi na kubaki na matetea wa kienyeji. Jogoo mmoja hutosha matetea 10. Kila mmoja akiangua vifaranga 10 mara tatu kwa mwaka, ni vifaranga 300, na kila kimoja kimebeba nusu ya damu ya baba huyo. Ukinunua mtetea bora kwa fedha hiyo, damu yake inaishia kwa watoto wake 30. Mama wa kienyeji, kwa upande wake, anaatamia, analea, na anajua kukimbiza vifaranga kichakani mwewe akionekana. Kazi hiyo huilipii.

Ndiyo maana nasisitiza kumwona mama wa jogoo, au angalau kuulizia: alitaga mayai mangapi, na vifaranga wake wangapi walifika ukubwani? Kifua cha jogoo hakikujibu hilo. Mwondoe jogoo kabla hajapanda binti zake. Wafugaji wawili, mmoja Mkalama na mwingine Ikungi, wanaweza kubadilishana majogoo kwa gharama ya nauli tu.

Jihadhari na bei za chini za kiangazi. Ugonjwa wa kideri ukinyemelea, watu huuza haraka, na kuku wa bei poa huyo anaweza kumaliza banda zima. Uliza lini alichanjwa. Chanjo ya kideri ya matone ya jicho hurudiwa kila miezi mitatu. Muuzaji akisitasita, mtenge jogoo wako wiki mbili kabla ya kumwachia matetea.