Mgonjwa Akiweweseka Baada ya Kupasuliwa Ubongo

Familia nyingi za hapa Msimbazi na Kariakoo zikipata mgonjwa wa uvimbe kichwani huelekezwa Muhimbili, mwendo wa miguu tu kutoka sokoni, kwenye taasisi ya mifupa na upasuaji wa ubongo ambayo wengi tunaiita MOI. Kinachowashtua ndugu zaidi si kisu, bali siku ya pili yake. Baba aliyeongea vizuri jana, leo hamjui mkewe, anavuta mpira wa dripu, anadai wezi wako dirishani. Hapo huanza maneno ya mapepo na kurogwa.

Sivyo. Ni kuweweseka. Ubongo umesumbuliwa na upasuaji, dawa, maumivu na kukosa usingizi. Hutokea siku za mwanzo, hupanda na kushuka, na usiku huzidi. Wazee hupatwa zaidi. Wengine hawapigi kelele, hulala kimya bila kujibu, na wageni husema amepumzika. Hao ndio tunaowahofia zaidi sisi wauguzi.

Upo upasuaji wa ubongo unaofanywa mgonjwa akiwa macho. Ngozi ya kichwa hutiwa ganzi. Ubongo wenyewe hausikii maumivu. Mgonjwa huambiwa ahesabu, ataje picha, anyanyue mkono, ili daktari asiguse sehemu ya usemi. Hapo inatakiwa dawa ya kumtuliza bila kumzimisha. Mojawapo ni deksimedetomidini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1999. Huingizwa polepole kwenye mshipa. Mgonjwa husinzia, ukimwita huamka. Lakini hushusha presha na mapigo ya moyo, kwa hiyo huangaliwa kwa mashine muda wote.

Je, huzuia kuweweseka? Mwaka 2016 ulitolewa utafiti wa Beijing juu ya wazee 700 waliolazwa chumba cha mahututi baada ya upasuaji usio wa moyo. Kati ya waliopewa kiasi kidogo usiku wa kwanza waliweweseka 9 katika 100, wasiopewa, 23. Inatia moyo. Hata hivyo utafiti mwingine wa mwaka 2020, kwa waliopasuliwa moyo, haukuona faida hiyo. Basi usimlaumu daktari asipoitumia.

Tena si kila dawa ya kutuliza ni sawa. Diazepamu, ile wengi waitayo Valium, yaweza kuzidisha kuweweseka na kuficha hatari. Tumewahi kukuta vidonge vyake chini ya mto, vimeletwa na shemeji mwenye huruma. Mama, usivilete. Lete miwani yake. Kaa naye, mwite kwa jina, mwambie leo ni siku gani, mfungulie pazia mchana, usiku mwache alale.

Akibadilika ghafla, mwite muuguzi, kwani huenda damu inavuja ndani au kuna maambukizo. Akitapika, akipata degedege, au mkono ukilegea, usingoje daktari apite asubuhi. Tuamshe hata saa nane za usiku.