Asili ya Vanga: Mapokeo, Magofu na Lahaja

Mji mdogo wa Vanga umo katika pembe ya kusini-mashariki kabisa ya Kenya, kando ya mpaka wa Tanzania. Wenyeji wake Wavumba, ambao hukaa pia Jimbo na katika kisiwa cha Wasini, hutaja Vumba Kuu, magofu yaliyo karibu na Jimbo, kuwa ndiko kwao kwa asili. Ubishi umo katika swali linalofuata: Vumba Kuu yenyewe iliasisiwa na nani? Makala haya yanakusudia kupima ushahidi wa aina tatu.

Kwanza ni mapokeo. Habari alizozichapisha A. C. Hollis mwaka 1900 zawataja Washirazi kuwa waasisi, mwanzoni mwa karne ya 13. Kisha masharifu wa Ba-Alawi wakatwaa cheo cha Diwani. Yafaa ikumbukwe kwamba habari hizo zilisimuliwa wakati nasaba ilipokuwa hoja ya kudai heshima na madaraka.

Pili ni magofu. Uchimbaji ulioongozwa na Stephanie Wynne-Jones umedhihirisha makazi ya hasa karne ya 14 na 15, ambayo nyumba zake nyingi zilikuwa za udongo, si za mawe. Tarehe hiyo haiafikiani na ile ya mapokeo. Wala mji wa namna hiyo haushabihi koloni la wageni matajiri.

Tatu ni lugha. Kivumba ni lahaja ya Kiswahili ya kundi la kusini, jirani ya Chifundi na Kimtang'ata. Nurse na Hinnebusch (1993) wamekiweka Kiswahili chote katika jamii ya Kisabaki, pamoja na Kimijikenda, Kipokomo na Kingazija. Sarufi ya Kivumba, basi, ni ya Kibantu iliyokulia pwani hii hii. Maneno ya Kiajemi na Kiarabu yaliyomo ni ya kukopwa.

Je, mapokeo ni uongo? La hasha. Thomas Spear alieleza mwaka 1984 kwamba Ushirazi wa mapokeo ya Waswahili ni zaidi ya habari ya safari: ni lugha ya jamii kujieleza. Anayejiita Mshirazi hudai utangulizi katika mji. Sharifu hudai utukufu wa dini. Lahaja yaweza kutuonyesha usemi ulikokulia, bali haiwezi kukanusha nasaba ya ukoo mmoja, maana mgeni aoaye mjini watoto wake husema lugha ya mama zao.

Mpaka nao umezidisha utata. Mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886 yaliuanzia kwenye mlango wa mto Umba, na hatimaye Kivumba na Kimtang'ata vikawa katika nchi mbili. Mtafiti akomaye mpakani ataona nusu ya ushahidi tu. Aidha, anayeyatupa mapokeo kwa sababu ya tarehe zake atapoteza maelezo ya wenyeji wenyewe kuhusu nani alistahili kutawala, na kwa nini.