Saint-Georges hakuwa "Mozart Mweusi"

Kila anapotajwa Joseph Bologne, maarufu kama Chevalier de Saint-Georges, hakukosi mtu wa kumwita "Mozart Mweusi". Wanaomwita hivyo wanakusudia kumsifu. Mimi naona jina hilo linamdhulumu, na maisha yake yenyewe yanaeleza kwa nini.

Joseph alizaliwa mwaka 1745 Guadeloupe, kisiwa cha Karibi kilichokuwa koloni la Ufaransa. Baba yake alikuwa Mfaransa tajiri mwenye mashamba. Mama yake, Nanon, alikuwa mtumwa mwenye asili ya Afrika. Sheria ya Ufaransa kwa makoloni yake, iliyojulikana kama Code Noir, ilisema mtoto hufuata hali ya mama. Mama akiwa mtumwa, mtoto naye ni mtumwa, hata kama baba ni muungwana.

Baba yake alimpeleka Ufaransa angali mdogo, akamsomesha kama wanavyosomeshwa watoto wa mabwana. Kijana akatokea kuwa hodari wa upanga, na jina lake likavuma Paris kwa mchezo huo kabla hajajulikana kwa muziki.

Muziki wake ulikuwa fidla, ala tunayoijua sisi kwa taarab. Mwaka 1769 alikuwa miongoni mwa wapigaji wa okestra mpya ya Paris iliyoitwa Concert des Amateurs, chini ya François-Joseph Gossec. Mwaka 1772 alisimama mbele ya okestra hiyo akapiga koncheto zake mwenyewe. Koncheto ni muziki ambao mpigaji mmoja huongoza na okestra nzima humwitikia. Zake ni ngumu: vidole hupanda hadi mwisho wa uzi, sauti ikawa nyembamba na kali, kisha hushuka kwa kasi bila kupoteza utamu. Alipenda pia mtindo wa wapigaji wawili kujibizana mbele ya okestra.

Mwaka 1773 Gossec aliondoka, na Saint-Georges akakabidhiwa uongozi. Okestra hiyo ikahesabiwa kati ya zilizo bora Ulaya.

Sasa tupige hesabu. Mozart alizaliwa mwaka 1756. Saint-Georges alipokabidhiwa okestra, Mozart alikuwa kijana wa miaka 17. Mozart alipofika Paris mwaka 1778 kutafuta riziki, alimkuta mwenzake tayari ana jina mjini. Vipi aliyetangulia aitwe kivuli cha aliyekuja nyuma? Wala simpunguzii Mozart, ambaye ukubwa wake hauna ubishi. Ninachosema ni kwamba Saint-Georges hahitaji kuazimwa jina.

Tena jina hilo linaficha kile hasa kilichomzuia. Mwaka 1776 alipendekezwa kuongoza Opera ya Paris, cheo kikubwa kabisa cha muziki nchini humo. Baadhi ya wasanii wakubwa wa kike wa Opera walimwandikia Malkia Marie Antoinette kwamba heshima yao haiwaruhusu kupokea amri za chotara. Hakuna aliyesema hajui kazi. Cheo hakukipata.

Hakukata tamaa. Aliandika opera kadhaa, ikiwemo *L'Amant anonyme* ya mwaka 1780. Baadaye aliongoza okestra nyingine, ile iliyomwagiza Joseph Haydn simfonia sita ambazo hadi leo huitwa Simfonia za Paris.

Mapinduzi ya Ufaransa yalipoleta ahadi ya usawa, aliacha fidla akashika silaha. Mwaka 1792 alipewa kuongoza kikosi cha wanajeshi weusi na machotara. Mwaka uliofuata serikali hiyo hiyo ya mapinduzi ilimvua uongozi na kumtia gerezani. Alitoka akiwa hai. Alifariki Paris Juni 1799. Miaka mitatu baadaye Napoleon alirudisha utumwa katika makoloni, na kwa muda mrefu muziki wa Saint-Georges ukawa haupigwi sana.

Siku hizi unarekodiwa tena, na kuupata kwenye intaneti ni rahisi. Msomaji asiyezoea muziki wa aina hii aanze na koncheto za fidla, asikilize sehemu ya katikati, ile ya polepole. Na atakapomsimulia mwenzake alichosikia, amtaje mwenyewe kwa jina lake: Joseph Bologne, mwana wa Nanon.